Kuni za Kilimambogo

Mama yangu alianguka katika banda la ng'ombe akiwa amebeba ndoo ya maji, akabaki pale chini mpaka jirani alipokuja kuuliza kwa nini ng'ombe anapiga kelele hivyo. Hakuvunjika popote. Aliinuliwa, akapanguswa, akapewa chai, kisha akarudi kumalizia kumpa ng'ombe maji. Mimi nilizipata habari hizo baadaye sana, na si yeye aliyenipa. Ni huyo jirani, mama mzaliwa wa Vihiga aliyehamia kwetu Gatuanyaga na mumewe zamani, ambaye anaamini kwamba mtoto wa mtu ana haki ya kujua. Nilipomuuliza mama kwa nini alininyamazia, alisema hapo hapakuwa na habari. Mtu alianguka, mtu akaamka.

Mimi naishi Ruiru, au tuseme nilikuwa naishi Ruiru, kwenye gorofa, peke yangu. Ni karani wa mishahara katika kiwanda cha nguo. Kazi yenyewe ni ya kukaa, na nimeikaa vizuri. Kwetu mimi ni binti wa pili, na kwa desturi yetu Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama, kwa hivyo tangu nizaliwe mama yangu ananiita Maitu, yaani mama. Wageni huchanganyikiwa wakimsikia mwanamke wa miaka sabini na kitu akimwita mtu wa makamo mama. Mimi sikuchanganyikiwa kamwe. Shida yangu ni kwamba nilikizoea hicho cheo nikaanza kukifanyia kazi.

Baada ya kisa cha banda nikawa nampigia simu kila asubuhi kabla sijatoka nyumbani.

"Umeamka?" ningemuuliza.

"Bado. Naongea nikiwa nimelala," angejibu, na nyuma yake ningesikia kuku.

Siku ambazo hakushika simu nilimpigia jirani, naye akavaa malapa akaenda kuchungulia. Mara zote alimkuta mama akikama, au akipalilia, au ameketi tu na simu iko mezani inaita, anaiangalia. Mimi huku Ruiru nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, simu sikioni, chai inapoa. Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yangu. Sikumwambia mtu yeyote kwamba naishi hivyo.

Kwa hivyo nikatayarisha chumba. Kilikuwa chumba cha kupigia pasi nguo. Nilitoa kila kitu, nikapaka rangi, nikaagiza kitanda kifupi kwa fundi ili mtu mzima akishuka miguu iguse sakafu mara moja. Nikamwita fundi mwingine akafunga chuma cha kushikilia bafuni. Mama sikumwambia neno. Nilingoja Jumapili moja baada ya kanisa, ndugu yangu mdogo akiwepo, maana kwetu jambo la nyumba halisemwi bila shahidi. Ndugu yangu anakaa Theta, ana pikapu ya kubebea majani ya napia ya ng'ombe, na hana maoni juu ya kitu chochote kabla hajamaliza kula. Alipomaliza kula, nikasema.

"Mami, utahamia kwangu Ruiru."

"Nikafanye nini?"

"Upumzike."

"Nimekwambia nimechoka?"

"Ulianguka."

"Niliamka." Alifikiri kidogo. "Na kuku nitawaweka wapi huko kwa gorofa?"

"Hakuna kuku huko, mami."

Aliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba mahali fulani hakuna maji. Ndugu yangu alikuwa anasafisha meno kwa kijiti.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, na nikiwa na hasira huwa naongea kama nasoma sheria. Tulikuwa tumeketi nje, upande wa nyuma wa nyumba, na mbele yetu kulikuwa na Kilimambogo. Kwetu huwezi kuukwepa mlima huo. Unauona ukipiga mswaki, unauona ukianika nguo, unauona ukielekea chooni. Tunautazama kujua kama mvua inakuja, basi. Kupanda ni mambo ya watalii na watoto wa shule, na nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kuingia hata geti la mbuga yake. Nikaunyoshea kidole.

"Mtu anayeishi peke yake lazima awe na nguvu," nikasema. "Wewe hata huo mlima huwezi kuupanda. Mtu ambaye hawezi kupanda mlima kama huo hawezi kuachwa akae peke yake."

Mama aliutazama mlima, kisha akanitazama mimi kuanzia viatu mpaka nywele.

"Na wewe unaweza?"

"Mimi niko kwenye klabu ya kupanda milima kazini."

Huo ulikuwa ukweli. Niko kwenye klabu. Nina fulana yake. Nilikuwa nimeenda nao mara mbili, na mara moja kati ya hizo tulishindwa kupanda kwa sababu ya mvua tukala nyama.

"Hebu rudia hayo maneno ndugu yako ayasikie vizuri," mama akasema.

Nikarudia, neno kwa neno. Asiyeweza kupanda mlima huo hawezi kukaa peke yake. Mama akasema sawa, tutapanda. Akishindwa, atafunga virago aje Ruiru bila maneno, na ng'ombe atapewa jirani. Akifika juu, nisiwahi tena kuitaja Ruiru mbele yake. Ndugu yangu akasema amesikia. Nilienda zangu Ruiru nikiwa nimefurahi, kwa maana nilijua nimeshinda. Hata mashuka ya kile kitanda nilinunua wiki hiyo.

Kulala kambini lilikuwa wazo langu. Sikutaka ionekane kama nampeleka mzazi wangu kufanya mtihani, nilitaka ionekane kama matembezi. Tungepanda Jumamosi, tulale kwenye hema pale chini, Jumapili ndugu yangu atuchukue twende kanisani. Niliazima hema kwa mwenzangu wa klabu. Nilinunua viatu vya mlimani, vile vya kufika kwenye kifundo, soli nene, muuzaji akaniambia hivi viatu mama utavirithisha. Nikanunua na begi la mgongoni lenye mikanda kila mahali, hata kifuani.

Mama alipoelezwa habari ya hema aliuliza, "Kwani tumefukuzwa?"

"Ni kambi, mami. Watu wanalipa."

"Wanalipa walale nje?"

"Ndiyo."

"Na nyumba iko hapo tu." Alikuwa anaongea ukweli. Kutoka kwetu hadi geti la mbuga si mbali, ni vumbi tu.

Jumamosi alfajiri ndugu yangu alitupeleka. Mama alikuwa amevaa sketi yake ya shambani, sweta, kitambaa kichwani, na raba za kanisa za zamani. Hakuwa na begi. Alikuwa na kiondo, na ndani ya kiondo chupa ya chai, leso, viazi vitamu vilivyochemshwa, na chini kabisa, umekunjwa vizuri, mukwa wake. Mukwa ni ule mkanda wa ngozi ambao mama zetu hubebea mizigo, unapita kwenye paji la uso na mzigo unakaa mgongoni. Wa mama yangu ni wa kabla sijazaliwa, umelainika kama kitambaa. Nilimuuliza mukwa ni wa nini. Alisema safari ni safari.

Hema tulilisimamisha karibu na geti, au mimi nililisimamisha na mama akalitazama likianguka. Mara ya pili alishika kamba moja, likasimama. Kisha tukapewa askari wa mbuga, maana kule hamruhusiwi kutembea peke yenu. Jina la Kilimambogo halikutolewa bure, mbogo wapo, na hawapendi watu. Askari alikuwa mtu mzima wa makamo, mpole, mwenye bunduki na upara. Alimsalimia mama kwa mikono miwili, akauliza kama tutapanda na gari, kwa sababu barabara inafika mpaka juu.

"Kwa miguu," mama akasema. "Tuna kesi."

Nilianza kwa kasi. Nilitaka jambo lijulikane mapema. Begi langu lilikaa vizuri, viatu vilikuwa vinalia kwa upya, na baada ya kona chache nilimwacha mama nyuma na askari. Nikageuka kumwangalia. Alikuwa ameinama kando ya barabara, mkono umeshika goti.

"Pumzika, mami!" nikamwita.

"Sijachoka," akasema, akaendelea.

Kona iliyofuata ameinama tena. Kona nyingine tena. Nilianza kumhurumia, na nitasema wazi kwamba huruma yangu ilikuwa na utamu fulani. Nilishaanza kupanga vile nitamwambia, kwa upole, kwamba si aibu, kwamba kila mtu hufika umri huo. Nilipanga hata tutakula nini jioni yake ya kwanza Ruiru. Ilinichukua muda kugundua kwamba kila alipoinama aliacha kitu. Nilirudi nyuma kidogo nikaona. Pale kando ya barabara kulikuwa na rundo dogo la kuni kavu, zimevunjwa kwa goti, zimelazwa sawasawa. Chini zaidi rundo lingine. Na lingine.

"Mami, unafanya nini?"

"Naokota."

"Tumekuja kupanda mlima."

"Si napanda?" Alinionyesha msituni kwa kidevu. "Wewe huoni hizi vitu?"

Ili mtu aelewe, lazima ajue kwetu ni kukavu. Gatuanyaga kuni ni za kutembelea. Mama zetu wametembea miaka yote kutafuta kijiti cha kuwashia moto, wakaingia mashamba ya watu, wakafukuzwa na mbwa. Sasa huyu alikuwa ameingia msitu ambao matawi makavu yameanguka tu yanalala, mazuri, ya unene wa mkono, na hakuna mtu anayeyaokota. Hangeweza kupita. Ingekuwa kama kumwambia mtu apite sokoni vitu vikitupwa bure. Na alifanya vile wanavyofanya wakienda mbali: ukienda unaweka marundo njiani, ukirudi unayakusanya na kufunga mzigo mmoja.

Nilimtazama askari. Askari alikuwa anatazama tumbili.

"Bwana askari, hii inaruhusiwa?"

Alikohoa. Akasema za kuota moto kambini hazina shida, lakini kutoka nazo getini haiwezekani. Mama akamuuliza, kwa hivyo hizi zote huwa zinaenda wapi. Askari akasema haziendi mahali, zinaoza, mchwa wanakula. Mama aliokota tawi lingine, akalivunja kwa nguvu. Nadhani hajawahi kusikia jambo la kumuudhi kama hilo, na yeye amesikia mengi.

Sasa nirudi kwenye habari ya miguu yangu. Viatu vya kurithisha watu vilikuwa vimeanza kunila visigino. Mwanzoni nilidhani ni soksi. Halafu pumzi. Barabara ile haina huruma, kila ukimaliza kona unaonyeshwa nyingine, na msitu unakuwa mzito na baridi inaingia, na jasho linakutoka hivyo hivyo. Niliacha kuongea. Halafu nikafungua mkanda wa kifuani. Baadaye mama akanipita. Hakunipita kwa kuringa, alinipita tu kwa mwendo ule ule aliotoka nao getini, akaokota tawi, akalivunja, akaliweka.

Karibu na juu kuna mahali pa wazi penye makaburi ya wazungu wa zamani, na ukitazama chini unaona nchi yote. Nilifika pale nikaketi kwenye jiwe. Niliketi kama mtu anayekaa kidogo tu. Nilipojaribu kuinuka, macho yaliona nyota mchana, na nikatapika chai yote ya asubuhi kando ya njia. Askari aligeukia upande mwingine kwa adabu.

Mama alisimama akaangalia makaburi.

"Hawa walibebwa mpaka hapa?"

"Nafikiri hivyo," nikasema.

"Basi hata wewe unaweza kubebwa."

Kulikuwa na vijana wa kanisa fulani pale, wamekuja na basi dogo na askari wao, wameketi kwenye nyasi wanakula mandazi. Wasichana wawili walikuja wakanipa maji na kunipepea kwa karatasi. Mmoja aliniita mum, akaniuliza kama nina presha. Nilisema sina. Akauliza kama nimewahi kupimwa. Nilimwambia ashughulike na mandazi yake.

"Ngoja hapa," mama akasema. "Mimi naenda kumaliza."

"Mami, tushuke tu. Tuseme ni sare."

"Ni sare gani? Wewe umekaa."

Alinipa kiondo nimshikie, akamwambia askari twende, wakaingia kwenye kona. Kitambaa chake kilionekana kidogo kati ya miti, kisha hakikuonekana.

Vijana waliniombea. Walinizunguka wakashikana mikono na kiongozi wao akamwomba Mungu anirudishie nguvu kama za huyu nyanya aliyetangulia juu. Nilisema amina. Nilikuwa na aibu ya kutosha mwaka mzima, lakini nilipobaki peke yangu kwenye lile jiwe, kilichonikaa kifuani hakikuwa aibu, kilikuwa woga. Niliogopa nyati. Niliogopa mawe yanayoteleza, niliogopa ile ndoo ya maji, nilimwona amelala mahali huko juu na kimya kimemzunguka. Nilikuwa na kiondo chake kwenye mapaja na nilikishika kwa mikono yote miwili. Nampenda mama yangu, na sijui kumpenda bila kuogopa. Hilo ndilo nililoligundua kwenye jiwe, kwenye makaburi ya watu nisiowajua, na harufu ya mandazi.

Alirudi. Alikuwa anatembea mbele ya askari, na chini ya kwapa ana vijiti.

"Ulifika?" nikamuuliza.

"Amefika," askari akasema. "Tena amegusa mnara wa kule juu."

"Kuna nini huko?"

"Milingoti ya simu," mama akasema. "Na upepo." Akachukua kiondo, akatoa kiazi, akanivunjia nusu. "Nilimwambia huyu baba anionyeshe Ruiru. Akanionyesha. Nikatafuta nyumba yako, sikuiona. Ni magorofa tu, yote yamefanana."

"Na yetu uliiona?"

"Yetu ya nini? Yetu najua iko wapi."

Tukashuka. Mama alikusanya marundo yake moja baada ya lingine, na pale chini chini akayafunga kwa mukwa mzigo mmoja mkubwa, akaupandisha mgongoni kwa namna ambayo mpaka leo sijaielewa, akainamisha kichwa na kuanza kwenda. Askari alitaka kumsaidia akakataliwa. Mimi nilikuwa nyuma, nimevua viatu, nimevaa soksi na malapa ya kuazima ya msichana wa mandazi, na begi langu amelibeba askari. Nilichobeba ni chupa ya maji. Lile basi la vijana lilitupita, wakapiga makofi dirishani na wakapiga picha. Picha hiyo ilizunguka kwenye simu za watu. Mtu wa kazini aliniuliza kama ni mimi huyo wa nyuma. Nilimwambia ni mtu tunayefanana.

Jioni mama aliwasha moto. Nimeona moto mwingi wa kambini kwenye picha za klabu, ule wa moshi na kulia macho. Huu uliwaka mara moja, ukatulia, ukawa unafanya kazi yake. Alibandika sufuria ya maji ya moto ya miguu yangu kabla ya kubandika chai. Tuliketi kwenye leso. Ndege walikuwa wanamaliza kelele zao na giza linaingia taratibu, na ng'ambo ya uwanda tukaona taa za Thika zimewaka.

Nilisema, maana ilibidi niseme mimi, "Sawa, mami. Umeshinda. Sitataja tena Ruiru."

"Hiyo ni nusu," akasema.

"Nusu ya nini?"

"Ya maneno yako. Ulisema asiyeweza kupanda huu mlima hawezi kukaa peke yake. Ulirudia mbele ya ndugu yako."

"Nilikuwa nasema wewe."

"Hukusema jina."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisukuma kuni mbele kidogo, akanipa kitambaa nipanguse miguu. Nikaanza kumweleza. Nina kazi, mami. Nina nyumba. Mimi bado ni kijana kuliko wewe, leo ni viatu tu, viatu ni vipya. Akaniacha niongee mpaka nikaishiwa, kama alivyoniacha kwenye kona za mlima.

"Mimi nilipoanguka," akasema, "ng'ombe alilia. Jirani akasikia, akaja. Wewe ukianguka huko kwa gorofa, nani atalia?"

Nilitaka kujibu upesi. Nikamtafuta mtu wa kumtaja. Mlango unaotazamana na wangu, nawajua kwa viatu wanavyoacha nje: jozi ya gambuti na vya mtoto vyenye taa. Majina yao siyajui. Juu yangu kuna mtu anayeburuta viti. Kazini wangegundua mwisho wa mwezi, mishahara ikichelewa. Klabuni wangesema labda ana shughuli. Nilitazama ule moto na sikupata mtu hata mmoja, na machozi yakaanza kunitoka, na siwezi kusingizia moshi kwa sababu moto wa mama haukuwa na moshi.

Hakunibembeleza. Alimimina chai, akatia sukari nyingi, akanipa.

"Kunywa, Maitu," akasema.

Asubuhi kuni nyingi zilikuwa zimebaki. Mama alizipanga vizuri kando ya mahali pa moto, nene chini na nyembamba juu, kwa ajili ya watu watakaokuja. Akaukunja mukwa wake akaurudisha kwenye kiondo. Tulipokuwa tunatoka getini aligeuka akaziangalia mara ya mwisho, namna mzazi anavyomwangalia mtoto aliyemwacha shule ya bweni.

Ndugu yangu alikuwa ameegesha pikapu kivulini. Alituangalia sisi sote wawili, akaangalia malapa yangu.

"Nani alishindwa?" akauliza.

Mama aliingia ndani akaweka kiondo magotini, akatazama mbele.

"Mimi," nikasema.

"Haya." Akawasha gari. "Basi Jumamosi ijayo nakuja Ruiru kuchukua vitu."

Yaani alikuwa ameyashika yale maneno vilevile nilivyoyasema, yeye ambaye nilidhani anasafisha meno. Nilibishana naye njia nzima mpaka kanisani, na wiki nzima kwa simu. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa nzuri, na kila nikizimaliza nilibaki na lile swali la ng'ombe. Jumamosi akaja. Wale wa mlango unaotazamana na wangu walitoka kunisaidia kushusha kabati, na hivyo ndivyo nilivyojua majina yao, siku ninayohama.

Kutoka Gatuanyaga hadi kazini kwangu ni pikipiki mpaka Thika, halafu barabara kuu, na nafika na vumbi kwenye viatu. Watu wengi wa kwetu hufanya hivyo na hawajafa. Nilirudisha hema. Viatu vya mlimani mama anavivaa akienda kukama, anasema vina joto, ni mimi niliyekuwa na miguu ya ofisi. Kile kitanda kifupi nilichomtengenezea hakukitaka, chake ni kirefu na amekizoea. Kwa hivyo nakilalia mimi. Miguu inagusa sakafu mara moja.

Na kila asubuhi, kabla hajaenda kwa ng'ombe, mama anasimama nje ya mlango wangu na ndoo mkononi, anagonga.

"Umeamka?"

Siku za kwanza nilikuwa namjibu kama alivyokuwa ananijibu yeye, kwamba bado, naongea nikiwa nimelala. Siku moja nilikuwa nimechoka, nikakaa kimya tu ili aende zake. Hakwenda. Nilisikia ndoo ikiwekwa chini polepole, halafu sikusikia kitu kingine, alikuwa amesimama pale anangoja, hapumui. Mimi nakijua hicho kimya. Nimesimama ndani yake asubuhi nyingi, simu sikioni, chai inapoa.

Siku hizi akigonga najibu mara moja.